Kusoma kwa Masikio

Goma, 16 Februari 2025

Madame Domitille mpendwa,

Niko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ulilokuwa ukiuliza. Mtandao umerudi jana, na simu za mtaa mzima zimelia kwa pamoja, watu wakalia nazo.

Mji umebadilika mikono: waasi wameuteka mwishoni mwa Januari. Tulilala chini sakafuni, mbali na madirisha, bila maji wala umeme, mpaka bunduki zikanyamaza. Benki zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa. Shule ninayofundisha imeporwa, hata mbao za madawati zimekwenda kupikia. Vitabu vya falsafa vilivyokuwa kabatini sijui viliwasha moto wa nani.

Juzi wanafunzi wangu wa mwaka wa sita, wa mwisho wa sekondari, walikuja nyumbani. Keren, msichana anayeuliza maswali kuliko wote, ndiye aliyesema: “Madame, Exetat tutaifanya ao hatutaifanya?” Nikajibu tutaifanya. Nilijibu haraka, kabla sijajua tutaifanyaje. Falsafa imo katika mtihani huo wa Serikali, na mimi sina hata karatasi moja.

Kwa hiyo nimetafuta mtandaoni. Nakutumia hapa chini anwani za tovuti nilizopata: ensaiklopedia za bure, maktaba za vitabu vya zamani, masomo ya vyuo vikuu ya kusikiliza. Ni nyingi, na hapa kila dakika ya mtandao ni ghali. Wewe ndiye uliyenifundisha falsafa hapo Lubumbashi. Zipitie, uniambie zipi ni za kweli na zipi ni takataka.

Wako,
Olive Kavira

*

Lubumbashi, Makomeno, 20 Februari 2025

Olive mwanangu,

Mungu asifiwe kwa kuwa uko hai. Tovuti zako nimezipitia. Zote ni nzuri. Fundisha unavyoona inafaa.

Nachoka siku hizi. Usalimie watoto.

Domitille Numbi

*

Goma, 23 Februari 2025

Madame,

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali ulipo ndani yake. Zamani nikikuandikia ukurasa mmoja ulinirudishia minne, na mitatu ilikuwa ya kunigombeza.

Umesema zote ni nzuri. Moja kati yake, niliyoibandika kwa haraka bila kuisoma mpaka mwisho, ni ya bwana mmoja anayeuza pete za bahati. Anajiita mwanafalsafa, na ukurasa wake wa kwanza una picha ya nyoka wa dhahabu. Hukuifungua. Nadhani hukufungua hata moja.

Kama hutaki kunisaidia, sema wazi. Nitaelewa. Watu wengi huko wanadhani sisi wa Goma tumekwisha kufa, na kumwandikia maiti ni kupoteza nguvu.

Olive

*

Lubumbashi, 25 Februari 2025

Olive mutoto yangu,

Miye ni Régine, mudogo ya Domitille. Naandika bila yaya, dada yangu mukubwa, kujua. Barua yako nilimusomea, ila mwisho ile ya maiti nikairuka. Nilisema umeandika “nakusalimia.” Mungu anisamehe.

Olive, yaya haone tena. Presha ya macho. Ilianza pole pole, pande ya kushoto, kiisha pande yote mbili, na kabla ya Noeli macho ikaisha kabisa. Docta anasema haitarudi tena. Barua zake zote ni miye njo naandika, naye anasema maneno kidogo-kidogo juu ya haya anasikia mbele yangu. Wewe ulimujua. Muntu ya kusoma mpaka chakula inaungua. Sasa anaikala ku kiti na mikono yake juu ya magoti, vile bantu banangojea gari moshi.

Na ku masomo, kule anafundisha, hawajue. Namupeleka asubui, namushika mukono sawa vile tunaongea tu. Anafundisha kwa kichwa yake. Kopi za banafunzi namusomea magaribi, yeye anasema pointi, miye naandika. Lakini prefe Sylvain, mukubwa ya masomo, ameanza kushuku. Amesema nspekteri atakuya mu mwezi wa tano kuangalia kila mwalimu namna anatumia vitabu. Yaya alisikia ile, akasema: “Basi, njo mwisho yangu.”

Usimwambie nimekuambia. Ataniua.

Régine

*

Goma, 27 Februari 2025

Mama Régine,

Nimelia, kisha nimenawa uso, kisha nimefikiri.

Kuna programu ya bure inayosoma kwa sauti kila kilicho kwenye skrini ya kompyuta. Asiyeona hahitaji kipanya wala kugusa skrini. Anatumia vitufe vya kibodi peke yake. Nimemwandikia baba yangu. Unamfahamu, Paluku, mfanyabiashara wa jumla hapo Lubumbashi. Malori yake yanapita Mokambo, mpakani na Zambia, kila wiki. Ana kompyuta ndogo dukani, imekaa bure. Nimemweleza programu ya kuweka, aje nayo Makomeno pamoja na visikizio.

Kwa Madame nitasema nimevunjikiwa na kipanya na ninatafuta njia ya kufundisha wanafunzi kutumia vitufe. Nitamwomba azijaribu kwanza yeye. Hivyo heshima yake itabaki mahali pake.

Olive

*

Lubumbashi, 8 Machi 2025

Olive,

Régine ataandika kila neno nitakalosema, na safari hii hataruka hata moja. Nimemwambia nitajua.

Baba yako amekuja. Mtu mwema, lakini hajui kudanganya. Aliweka mashine mezani, akakohoa, akasema: “Mama mwalimu, Olive ametuma hii juu kipanya yake imevunjika.” Nikamuuliza: “Kipanya kimevunjika Goma, na kompyuta inaletwa kwangu?” Akakohoa tena. Nikamuuliza tena: “Papa Paluku, hii mashine ni ya nini?” Akasema kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa: “Ni ya muntu asiyeona, Mama. Inaongea.”

Kwa hiyo wote mnajua. Dada yangu anajua kwamba unajua, wewe unajua kwamba ninaficha, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikicheza mchezo wa kipofu ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Sikukuomba huruma. Nimefundisha watu kufikiri maisha yangu yote, na hamkufikiri kwamba ningeweza kuambiwa ukweli?

Mashine iko kwenye kabati. Itabaki huko.

Domitille Numbi

(Olive, miye Régine. Anakasirika lakini alikula vizuri leo. Tangu Noeli hakukula vile.)

*

Goma, 11 Machi 2025

Madame,

Una haki. Basi huu hapa ukweli, bila sukari.

Sikutuma kompyuta kwa huruma. Ninakuhitaji. Wanafunzi wangu wanakusanyika sebuleni kwangu mara tatu kwa wiki, na ninawafundisha kwa mabaki ya yale uliyonifundisha. Yanakaribia kwisha. Wiki jana walilazimishwa kwenda uwanjani, kwenye mkutano wa wakubwa wapya, na kupiga makofi. Keren alirudi akaniuliza: “Madame, ukipigishwa makofi kwa nguvu, hayo makofi ni ya nani?” Wote walinitazama. Jibu nililowapa halikustahili swali lile. Najua wewe ungekuwa na linalostahili, au ungekuwa na swali bora zaidi.

Huoni, nami sina vitabu. Mtandao una vitabu, nao unaweza kusomwa kwa masikio. Toa mashine kabatini.

Pitisha vidole vyako vya shahada juu ya kibodi mpaka vikutane na vimistari viwili vidogo. Kimoja kiko kwenye F, kingine kwenye J. Hapo ndipo nyumbani. Mengine utayapata kutoka hapo, maana uliwahi kuandika kwa mashine za zamani.

Shika Ctrl na L, utakuwa kwenye mstari wa anwani: andika unachotaka, bonyeza Enter. Ukurasa ukifunguka, usisikilize kila kitu, utachoka. Bonyeza H peke yake, sauti itaruka kutoka kichwa cha habari hadi kichwa cha habari. Ctrl na F hutafuta neno ndani ya ukurasa. Alt na mshale wa kushoto hukurudisha ulikotoka. Ukifunga dirisha kwa bahati mbaya, Ctrl, Maj (ndiyo Shift) na T hulirudisha. Na umeme ukiwa haujakatika, ukipata ukurasa mzuri, Ctrl na S uuweke ndani ya mashine, uusome hata mtandao ukifa. Sauti ikikukera, Ctrl peke yake huinyamazisha. Nilitamani tungekuwa na kitufe hicho darasani kwako.

Olive

*

Lubumbashi, 30 Machi 2025

olive mwanangu

naandika mwenyewe. regine yuko jikoni, hajui. herufi kubwa bado zinanikimbia lakini usinisahihishe, mimi ndiye mwalimu

nilikaa siku nyingi nikilitazama kabati kwa moyo wangu. kisha swali la keren likaninyima usingizi. makofi ni ya nani. nikasema mashine itoke.

siku ya kwanza nilitafuta falsafa nikaangukia mtu anayefundisha kuchoma mbuzi. sauti ikanisomea viungo vyote, na regine akacheka mpaka akakaa chini. siku ya pili nilifunga dirisha nililotaka, nikalia, kisha nikakumbuka vitufe vyako vitatu na ukurasa ukarudi. olive, ukurasa ulirudi. sijui kama unaelewa. miezi hii kila kitu kilichonitoka hakikurudi

sasa nakwenda mwenyewe. ile ensaiklopedia ya pili kwenye barua yako ni imara, inaandikwa na maprofesa, na chini ya kila makala inaeleza imetoa wapi maneno yake. wafundishe watoto kutafuta hapo kwanza. maktaba ya vitabu vya zamani ni ya thamani lakini tafsiri zake nyingine zimechoka. masomo ya kusikiliza: lile la mwanamke mwenye sauti nzito ni zuri sana, lile la kijana anayekimbia-kimbia lina makosa mawili kuhusu wagiriki. na yule wa pete nimemfungua kwa makusudi. mashine ilisoma bei zake zote. takataka kamili

mwambie keren hivi. mkono unaweza kulazimishwa, mguu pia. hukumu iliyo ndani ya mtu, kile anachoamua kuwa kweli, hakuna anayeweza kuilazimisha, inaweza tu kuuzwa au kusahauliwa. basi asiulize makofi ni ya nani. aulize: nilipotoka uwanjani, bado nilikuwa najua ninachofikiri? hapo ndipo uhuru wake ulipo na hapo ndipo ataulinda. kisha aandike hoja ya kunipinga, kurasa mbili. akishindwa kunipinga sitamsifu

nimerekodi somo la kwanza kwa simu ya regine. analituma jioni. ni refu, na katikati utasikia jogoo wa jirani, mvumilieni

domitille

*

Goma, 18 Aprili 2025

Madame,

Sauti yako imejaa nyumbani kwangu.

Tulikaa wote sakafuni kuizunguka simu. Ulipofika pale unaposema “Wewe uliye nyuma, usilale,” kijana mmoja aliyekuwa nyuma kabisa alishtuka akakaa wima, wenzake wakamcheka hadi tukasimamisha somo. Hawakuwa wamecheka hivyo tangu Januari. Jogoo wa jirani yako sasa ana jina, tumemwita Monsieur l’Assistant, Bwana Msaidizi. Akiwika, wanasema anapinga hoja.

Masomo yako yamesambaa. Kila mmoja anayachukua kwa simu yake, anayapeleka kwa wenzake waliokimbilia mitaa mingine, hata kwa wale waliovuka mpaka. Keren ameandika kurasa zake mbili. Amekupinga vikali. Anasema hukumu nayo inaweza kulazimishwa, kwa njaa, pole pole, bila mtu kujua. Nazipiga chapa hapa chini neno kwa neno ili mashine yako ikusomee.

Mama Régine ameniambia nspekteri anakuja baada ya Pasaka. Nenda na kompyuta. Usifiche tena.

Olive

*

Lubumbashi, 7 Mei 2025

Olive mutoto yangu,

Yaya amechoka na furaha, amelala, miye njo nakuandikia, juu yeye mwenyewe hatakuambia yote.

Jana asubui alivaa liputa, kitenge yake ya Pasaka. Nilimupeleka mpaka ku mulango ya darasa. Ndani nspekteri alikuwa ashaikala, na prefe Sylvain pembeni, mikono kifuani. Nikabaki inje ku dirisha. Nilisikia yote.

Yaya hakungojea baulize. Alisimama mbele ya banafunzi bake, akasema: “Mbele ya yote, nitawaambia kitu. Mimi sioni. Tangu Noeli sioni kitu.”

Halafu mutoto mumoja mwanamuke, jina yake Benita, akasema: “Benita anaongea, Madame. Shiye bote tulijua.”

Yaya akauliza: “Mulijua tangu lini?”

“Tangu Noeli, Madame. Njo maana kila muntu anasema jina yake mbele ya kujibu.”

Olive, miye niliwaza banafunzi ba siku hizi beko na adabu tu! Yaya alishika meza. Lakini hakulia. Alifungua mashine.

Prefe akasema: “Monsieur l’Inspecteur, ndiyo nilikuwa nasema. Somo hili ni la kusoma maandiko. Tunamhurumia Madame, lakini tutafanya je?” Hakusema kwa ubaya, nahakikisha. Alisema sawa muntu mwenye kuona mulango umefungwa.

Nspekteri akamuuliza yaya: “Madame, leo somo ni uhuru na sheria. Unaweza kutuonyesha ni wapi waandishi wanabishana juu ya hilo?”

Yaya akaweka vidole. Olive, ungeona ile vidole! Tak, tak, tak. Mashine ikaanza kusema mbio-mbio, hakuna mwenye kusikia kitu, yeye tu. Anaruka kichwa ya habari, anaruka, anaruka, anasimama. Anaandika neno. Kiisha akapunguza mbio, akaongeza sauti, na darasa yote ikasikia mashine inasoma mahali pale pale, hoja ya kwanza, na kisha hoja ya kuipinga, katika ukurasa mwengine.

Kati-kati umeme ikakatika. Prefe akasema: “Ah, pole.” Yaya hakusimama hata kidogo. Alisema: “Kurasa nilishaziweka ndani.” Na mashine ikaendelea na batri yake.

Prefe alisogea karibu, akamuangalia machoni, akauliza pole pole: “Madame, kwani unaona?”

Yaya akamujibu: “Hapana, Monsieur le Préfet. Sioni. Nasoma.”

Batoto balipiga makofi, na hakuna aliyebalazimisha. Nspekteri alivuta kiti yake akaikala kati ya banafunzi, akanyoosha mukono, akasema jina yake mbele ya kuuliza swali, sawa vile bengine. Balibishana mpaka kengele ikalia, na nyuma ya kengele.

Leo prefe Sylvain alikuya nyumbani yeye mwenyewe. Saa za yaya za kufundisha zinabaki zote. Na anaomba, kama yaya anakubali, siku ya posho, Jumamosi, afundishe balimu benzake namna ya zile vitufe, juu beye na macho yao yote banapotea mu mtandao. Yaya akasema atawaza. Mulango ilipofungwa, alicheza, Olive. Na miaka yake yote, alicheza mu salo ya kupokelea bageni, na akagonga meza, na akaendelea.

Régine

*

Goma, 29 Juni 2025

Madame,

Tumefanya mtihani. Mpaka dakika ya mwisho hatukujua kama karatasi zitafika, lakini zilifika. Wanafunzi wangu waliingia wakiwa wamevaa mashati meupe ya kuazimana. Nilisimama nje ya ukuta kama mama wa arusi.

Keren ametoka akitabasamu. Swali la falsafa lilikuwa juu ya uhuru. Anasema kwanza aliandika jibu lako, kisha akaandika lake la kukupinga, kisha akaona yote mawili yana kasoro, akaandika la tatu. Nikamuuliza: “La tatu linasemaje?” Akasema: “Nitamwambia Madame mwenyewe.”

Maisha hapa bado ni magumu, sitakudanganya. Baba anataka nirudi Lubumbashi. Nimemjibu kwamba wanafunzi wa mwaka wa tano wameshaanza kuuliza watakaa upande gani wa sebule yangu.

Olive

*

Lubumbashi, Makomeno, 10 Agosti 2025

Olive mwanangu,

Herufi kubwa nimezipata, kama unavyoona.

Matokeo yametoka. Ya kwako umeshayajua kabla yangu: wamefaulu, hata yule wa nyuma. Keren aliniandikia usiku uleule. Jibu lake la tatu nimelisikiliza mara nyingi, na ninamwandalia pingamizi ambalo litamchukua mwezi mzima. Ameniuliza kama mtu anaweza kusoma falsafa chuo kikuu akitokea sebuleni. Nimemjibu kwamba sijui mahali bora pa kutokea.

Sasa nikuambie ya huku. Jana nilikuwa nimekaa sebuleni nikisikiliza somo la yule mwanamke mwenye sauti nzito, nikasikia makelele yanatoka upande wa barabara kubwa. Filimbi, sufuria, nyimbo. Régine akakimbilia dirishani, akasema: “Yaya, ni banafunzi bako. Ni beupe kabisa, sawa mizimu.” Ilikuwa poda, Olive, ile wanayomwagiana vichwani waliofaulu. Nikasikia kila mmoja anaingia na jina lake: Benita yuko hapa, Madame. Bwalya yuko hapa. Chola yuko hapa. Nyumba ikajaa.

Nikawaambia: “Nimefurahi. Sasa msichafue viti vyangu.”

Benita akasema: “Madame, wewe pia umefaulu.”

Na kabla sijajua wanafanya nini, walinimiminia kopo zima kichwani. Iliingia mpaka kwenye masikio. Nilipiga chafya, nikagomba, nikasema nitawafukuza wote, na hakuna aliyeondoka. Régine akawa analia na kucheka mlangoni. Mtu akaanza wimbo. Wakanishika mikono, wawili huku, wawili kule, wakanitoa nje barabarani, na majirani wote wakatoka kuona mwanamke mzee mweupe kama unga akipita katikati ya Makomeno akiimba kwa sauti kubwa kuliko watoto.

Wanasema nilikuwa nimepoteza rangi, nywele, nyusi, liputa, vyote. Mimi nilikuwa na harufu ya poda puani na mikono ya watu mikononi, na nilijua kila mmoja ni nani.

Waambie mwaka wa tano wakae upande wowote wanaotaka. Somo la kwanza limesharekodiwa.

Mwalimu wako,
Domitille Numbi